Wimbo Uliouimba na Nani?

Wajukuu, mmeniuliza kwa nini bibi yenu wa Ipinda, ambaye hakutoa chozi tangu msiba utangazwe, aliangua kilio kwaya ilipofika ubeti wa pili. Wimbo wenyewe hauna huzuni, unasifu tu. Na nyinyi mliokaa naye mkeka mmoja hamkusikia kitu, zaidi ya kuhesabu beti zilizobaki. Msione haya. Haukuwa wenu.

Nianzie mbali. Hapa Kyela, zamani, mvulana wa Kinyakyusa alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka afike miaka kumi hivi, kisha akahama. Hakwenda mbali. Alijenga kibanda pamoja na wavulana wa rika lake, wakaanzisha kijiji chao wenyewe. Chakula walirudi kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule (poleni akina mama). Walikua humo, wakaoa humo, wakazeekea humo. Monica Wilson, mwanazuoni wa Afrika Kusini aliyeishi na wazee wetu miaka ya 1930, alitoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo mwaka 1951.

Sasa angalieni umri ule. Wanaochunguza kumbukumbu wameona kwamba mzee akiombwa asimulie maisha yake, mengi yanayomjia ni ya kati ya miaka kumi na thelathini. Na nyimbo ni hivyo hivyo: zile za ujana hung'ang'ania kuliko za jana. Basi wazee wetu walikuwa wakihamia kwa wenzao katika umri uleule ambao masikio yanaanza kuweka akiba.

Mwaka 2001, huko Montreal nchini Kanada, Anne Blood na Robert Zatorre walipiga picha za ubongo wa watu wakisikiliza muziki unaowasisimua mwili. Sehemu zilizochangamka zilikuwa zile zinazohusika pia na raha ya chakula. Lakini ninachokipenda mimi ni hiki: kila mtu alikuja na muziki wake, na wa huyu ukipigiwa yule, yule hakusisimka. Sawasawa na nyinyi pale mkekani.

Mumewe Monica, Godfrey Wilson, aliandika juu ya mazishi ya hapa kwetu. Wanawake wanaomboleza, ngoma zinalia, vijana wanaruka na mikuki. Wageni walishangaa: mtu amekufa, mnacheza? Wazee walimweleza Godfrey kwamba moyoni mna vita, huzuni na hofu kwa pamoja, na vita hivyo havikai kimya. Ngoma ilianza kwa uchungu, na kufika jioni vijana walikuwa wakitaniana na kutafuta wachumba. Mimi sioni ajabu. Ngoma iliyomlilia marehemu ndiyo aliyoicheza yeye mwenyewe akiwa kijana.

Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kijerumani, wa Moravian na wa Berlin. Wakristo wakaacha ngoma ya msibani, wakaimba tenzi. Tuni zilitoka Ulaya, maneno yakawa ya Kinyakyusa, na kisha zikawa zetu kabisa, maana watu walizaliwa nazo, wakaoana nazo, wakazikana nazo. Bibi yenu alikuwa msichana wa kwaya. Walifanya mazoezi jioni wakitoka kwenye mpunga, matope bado miguuni, wakichekana kwa kukosea sauti. Aliyekuwa akisimama ubavuni mwake ndiye tuliyemzika juzi.

Na nyinyi? Nawasikia mkiamia ndege shambani huku mnaimba zile Bongo Fleva za kwenye bodaboda. Kwangu ni kelele, lakini maoni yangu hapa hayana uzito. Miaka hamsini ijayo mojawapo itapigwa mahali fulani, pengine Matema ufukweni, pengine mji wa mbali usio na ziwa, nanyi mtasimama ghafla, na wajukuu wenu watawatazama kama mlivyomtazama bibi.

Kesho mkimpelekea bibi samaki mbasa, msimwombe aimbe, atakataa. Muulizeni kwanza nani alikuwa akikosea sauti.