Kompyuta ya Gemu kwa Bei Nafuu: Kuunda au Kununua?

Kijana wa Mtwara anayetaka kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo anaweza kununua iliyokamilika, au kukusanya vipuri aiunde mwenyewe. Kuunda kuna raha yake. Tatizo ni umbali: soko kubwa la vipuri ni Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Bodi mama isipopatana na prosesa, kuibadilisha kunakula nauli na siku.

Kwa mfuko mdogo, njia ya kati ndiyo bora: kompyuta ya ofisi iliyotumika, mfano Dell OptiPlex au HP EliteDesk, inayoongezewa kadi ya michoro. Zipo GeForce GTX 1650 za wati 75 zisizohitaji waya wa ziada; umeme wote zinauchukua kwenye bodi mama, hivyo pawa saplai ya kiwandani mara nyingi inatosha. Ila kasha lipimwe kwanza, kwa kuwa kasha jembamba hudai kadi yenye kimo kifupi. RAM ikifika GB 16 na SSD ikiwekwa, gemu nyingi za mpira zitachezeka vizuri.

Umri wa prosesa nao una uzito. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel Core, Windows 11 hutaka kizazi cha 8 au zaidi. Muuzaji anayetaja “i5” pekee, bila kizazi, hajasema kitu.

Kwenye pwani ya Mtwara, kuanzia Shangani hadi Msimbati, hewa ya chumvi hula chuma. Kabla ya kulipa, kasha lifunguliwe, pini zikaguliwe kutu, na feni isikilizwe ikizunguka.