Deni la kaunti halijaisha hadi lifutwe kwenye daftari

Mfanyabiashara anayeiuzia serikali ya kaunti nchini Kenya saruji, dawa au vifaa vya ofisi anaweza kusubiri malipo kwa miezi, hata miaka. Fedha zikishaingia benki, ni rahisi kuona kwamba habari imeisha na kutupa karatasi. Lakini deni la serikali huisha pale tu daftari la muuzaji na la kaunti yanaposema jambo moja.

Serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi madeni ya mabaraza ya manispaa, miji na kaunti yaliyovunjwa. Tangu hapo zimeongeza madeni yao wenyewe. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu madeni ya kaunti hadi Juni 30, 2018 ulionyesha uzito wa kumbukumbu. Kati ya takriban Sh bilioni 89 za Kenya zilizodaiwa, zilizokuwa na vielelezo vya kutosha ni kama Sh bilioni 51. Takriban Sh bilioni 38 zilionekana hazistahili kulipwa, nyingi kwa kukosa karatasi za kuthibitisha.

Kwa kawaida, kila dai hutakiwa kuwa na LPO, hati ya kupokea mzigo na ankara. Likilipwa, hati ya malipo huunganishwa na karatasi hizo, na dai huondolewa kwenye orodha ya madeni.

Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, dai lililolipwa hubaki likisomeka kama deni. Kaunti inaweza kulilipa mara ya pili, na wakaguzi wakiligundua, aliyepokea naye ataulizwa. Likilipwa kwa mafungu, mabishano huzuka juu ya kiasi kilichobaki. Hali huwa ngumu zaidi baada ya uchaguzi, gavana mpya anapounda kamati ya kuhakiki madeni upya na maofisa waliopokea mzigo wamekwisha ondoka.

Kodi ya zuio nayo huchanganya hesabu. Kaunti hukata kodi hiyo kabla ya kulipa, hivyo fedha zinazofika benki hupungua kuliko ankara. Bila cheti cha makato, muuzaji anaweza kudai tofauti ambayo tayari imepelekwa Mamlaka ya Mapato kwa jina lake.

Kwa anayetoka ng'ambo ya mpaka, kupitia Busia, Namanga au Isebania, kila safari ya kufuatilia faili ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Ni nafuu kudai mapema barua inayotaja namba ya ankara, kiasi kilicholipwa, kodi iliyokatwa na salio, hata kama salio ni sifuri. Barua hiyo iwekwe pamoja na taarifa ya benki na hati za forodha za mzigo. Mali bila daftari hupotea bila habari.