Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki Tanzania na Suala la Msikilizaji: Mtazamo kutoka Kibiti na Delta ya Rufiji

Utangulizi

Tarehe 18 Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) lilitoa tamko kuhusu makubaliano baina ya Tanzania na Dubai juu ya uendelezaji wa bandari, makubaliano ambayo Bunge lilikuwa limeyaridhia mwezi Juni mwaka huo. Maaskofu walieleza kwamba hawayaungi mkono, kwa kuwa sauti ya wananchi wengi ilikuwa imeyakataa. Hoja hiyo ilihusu mamlaka ya wananchi juu ya rasilimali zao, jambo ambalo raia wa dini yoyote anaweza kulijadili. Hata hivyo, tamko lilifika kwa waamini kupitia makanisa, na katika mjadala uliofuata walikuwapo walioiacha hoja na kumhoji msemaji: kwa nini maaskofu waseme hayo wakati Rais ni Mwislamu na mbia wa mkataba ametoka nchi ya Kiarabu?

Makala haya yanafafanua umbali uliopo baina ya mtu anayekusudiwa na mafundisho ya maaskofu na mtu anayeyasikia. Eneo linalotazamwa ni Wilaya ya Kibiti na delta ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, ambako Waislamu ni wengi na Wakatoliki ni wachache. Imezoeleka kulichunguza Kanisa pale lilipokita mizizi, kama Bukoba, Kilimanjaro au Peramiho. Uchunguzi wa namna hiyo hueleza vema jinsi waamini wanavyowatii wachungaji wao, lakini hausemi lolote kuhusu mafundisho yanayodai kumhusu kila raia.

Madai ya mafundisho yenyewe

Dai hilo halikubuniwa na maaskofu wa Tanzania. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII aliuelekeza waraka wake Pacem in Terris kwa watu wote wenye mapenzi mema, wala si kwa Wakatoliki peke yao. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifuata njia hiyo mwaka 1965 kwa hati ya Gaudium et Spes kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa sasa, na kwa tamko la Nostra Aetate, lililowaalika Wakristo na Waislamu kuweka kando uhasama wa zamani na kushirikiana kutetea haki na amani. Papa Fransisko alikwenda mbali zaidi. Laudato Si' (2015) inazungumza na kila mkazi wa dunia, na katika Fratelli Tutti (2020) alikiri wazi kwamba alitiwa moyo na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb.

Kwa maandishi, basi, mkulima Mwislamu wa Dimani ni mlengwa kamili wa mafundisho haya. Tatizo liko katika njia. Waraka wa kichungaji hushuka kutoka kwa askofu hadi parokiani, kutoka parokiani hadi kigangoni kwa katekista, kisha katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Ni mfumo hodari. Familia chache zinazokutana nyumbani kwa jirani husoma Neno, hujadili ujumbe na kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Lakini mfumo huo unamfikia aliyebatizwa. Mahali ambapo jumuiya ni chache na zimetawanyika, jirani asiye Mkristo husikia waraka wa maaskofu kupitia redio, simu ya mkononi au maneno ya mwanasiasa, tena ukiwa umekwisha kupewa tafsiri.

Kumbukumbu ya Pwani

Tafsiri hiyo huota katika udongo wenye historia. Ngarambe, alikoishi Kinjikitile Ngwale, na Mohoro, aliponyongwa na Wajerumani Agosti 1905, ni maeneo ya Rufiji. Mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa na wapiganaji wa Majimaji akiwa safarini upande wa Liwale. Waliomuua hawakuona sababu ya kumtenga mmisionari na dola iliyoleta kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Baadaye shule za misheni zikawapa Wakristo nafasi ya mbele katika ajira za serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule hizo kwa sehemu ili kuiziba tofauti hiyo.

Mwaka 1992 Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na TEC pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania kuhusu huduma za afya na elimu. Kwa Kanisa, hati ile ilitambua kazi ambayo hospitali zake zilikuwa zikiwafanyia watu wote. Kwa Waislamu wengi, ilithibitisha kwamba fedha ya umma inakwenda upande mmoja. Ukweli kwamba ilitiwa saini chini ya Rais Mwislamu, Ali Hassan Mwinyi, haukupunguza manung'uniko hayo. Mtafiti anayeyaita manung'uniko haya chuki ya kidini anakwepa kazi yake, kwa kuwa yana tarehe, sheria na bajeti ndani yake.

Miaka ya hofu

Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji, makada wa chama tawala na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Kibiti katika shambulio moja. Operesheni za vyombo vya ulinzi zilifuata, na tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyeripoti mauaji hayo, alichukuliwa akiwa Kibiti na hajaonekana tena.

Miezi mitatu baadaye, Februari 2018, TEC ilitoa Ujumbe wa Kwaresima uliolalamikia kuzuiwa kwa shughuli za kisiasa na kufungwa kwa vyombo vya habari. Ni vigumu kupata eneo lililohitaji maneno hayo kuliko Kibiti, ambako kunyamaza kulikuwa kumekwisha kuwa njia ya kujihifadhi. Lakini Kwaresima ni majira ya Wakristo na ujumbe ni wa mimbarini. Hakukuwa na utaratibu wa kuufanya uwe pia mali ya familia ya Kiislamu iliyompoteza mwenyekiti wa kijiji au kijana wake.

Suala la maji

Suala ambalo lingeweza kuibadili hali hiyo halihusu uchaguzi wala bandari. Delta ya Rufiji ina takribani hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, na wakulima wa bondeni wamekuwa wakilima mpunga kwa kuyategemea mafuriko, kisha kupanda mlau katika unyevu unaobaki maji yakipungua. Serikali iliwahamishia wengi sehemu za juu katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969. Walirudi bondeni kulima, kwa sababu rutuba ilibaki kulekule.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Wakazi walilihusisha bwawa, Serikali ikajibu kwamba chanzo ni mvua kubwa na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hapa Laudato Si' ina la kusema, maana inataka wanaobeba gharama ya mradi wasikilizwe tangu mwanzo. Askofu atakayelichukua suala hili hataanza na waraka. Atalazimika kukaa na sheikh wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na mwanamke mwenye jaruba la mpunga, na kuwauliza kwanza: milango ya bwawa inapotaka kufunguliwa, nani anawaarifu, kwa njia gani, na siku ngapi kabla?