Sanisi, Bandia na Nzito: Uteuzi wa Oili ya Gari Mtaani Manyatta

Makala haya hayanuii kumgeuza mwanafunzi wa fasihi kuwa fundi wa magari. Yananuia kufafanua jambo linalowagharimu wenye magari wa mtaa wa Manyatta, jijini Kisumu, fedha wasizopaswa kutumia: uteuzi kati ya oili ya kawaida na oili sanisi. Tunalijadili katika jarida la Kiswahili kwa kuwa, kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya gharama hiyo hutokana na maneno. Katika gereji za jua kali za Manyatta na Kondele, Kiswahili, Dholuo na Kiingereza hupokezana katika sentensi moja, na aghalabu mteja huondoka akiwa amenunua neno, wala si oili.

Tuanze na neno lenyewe. Msomaji analifahamu neno usanisinuru kutoka vitabu vya sayansi, yaani namna mmea unavyojiundia chakula kutokana na vitu sahili kwa nguvu za mwanga. Usanisi ni uundaji huo wa kitu changamano kutokana na vijenzi vyake. Oili ya kawaida ni mafuta ghafi yaliyochimbwa ardhini, yakatenganishwa kwa joto, yakasafishwa na kutiwa kemikali za kuyaimarisha. Ndani yake hubakia molekuli za kila umbo na ukubwa, pamoja na chembe za nta. Oili sanisi ni ile ambayo molekuli zake zimeundwa, au zimeumbwa upya, kiwandani hadi zikakaribia kulingana. Kutokana na ulinganifu huo, haigandi upesi kwenye baridi, haivukizwi upesi na joto, na huchukua muda mrefu zaidi kugeuka tope.

Wapo wanaopendelea kuiita oili hii bandia, kwa kuifananisha na meno bandia au maua bandia. Kimofolojia hawana kosa, kimatumizi wanapotosha. Pale Kondele, bandia ina maana moja tu: kitu ghushi. Nayo oili ghushi ipo. Oili chafu iliyokwisha kutumika huchujwa, ikatiwa katika chupa zenye nembo za kampuni mashuhuri na kuuzwa kama mpya. Kenya ilipitisha sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka 2008, lakini biashara hiyo haijakoma, na ndiyo maana mteja mwangalifu huitoboa chupa tupu kabla ya kuitupa. Mshauri mtu kama huyo anunue oili bandia, kisha uone atakavyokutazama. Kwa sababu hiyo tutashikilia sanisi.

Hata ughaibuni neno hili lilizua mgogoro. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huainisha mafuta ya msingi yanayotengenezewa oili katika makundi matano. Kundi la nne limeundwa kwa kemia moja kwa moja. Kundi la tatu hutokana na mafuta ghafi yaleyale ya kawaida, ila yamevunjwavunjwa na kuumbwa upya kwa haidrojeni. Kampuni ya Castrol ilipoanza kuuza oili ya kundi la tatu kwa jina la sanisi, Mobil ilishtaki kwenye chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo. Mwaka 1999 uamuzi uliipendelea Castrol. Tangu hapo, sehemu kubwa ya oili inayouzwa kama sanisi katika masoko mengi ni ya kundi hilo la tatu. Si hadaa kamili, maana utendaji wake unakaribia sana ule wa kundi la nne. Lakini anayedhani kwamba neno hilo kwenye mkebe linathibitisha asili ya kilichomo amekosea.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika jozi ya vivumishi: nzito na nyepesi. Fundi humwambia mteja, "Jaduong', gari lako limechoka, tulitie oili nzito." Uzito unaozungumziwa hapa si uzito wa mizani. Ni mnato, yaani kiasi ambacho oili inapinga kutiririka. Kwa kuwa katika Kiswahili uji mzito na mchuzi mzito ni sifa njema, mteja hudhani oili nzito ina lishe zaidi kwa injini.

Tarakimu zilizo kwenye chupa ndizo zenye habari kamili. Katika 20W-50, tarakimu ya kwanza huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi; herufi W ni kifupi cha neno la Kiingereza la majira ya baridi. Tarakimu ya pili huonyesha mnato injini ikiwa moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 0W hupimwa uwashaji wake katika nyuzi 35 chini ya sufuri. Kisumu haijapata kuona baridi ya namna hiyo, na hapa wakazi wana haki ya kucheka. Lakini tarakimu ya pili haijali majira. Inahusu nafasi zilizoachwa kati ya vyuma, na vijia vyembamba ambamo oili hupita kwenda kuendesha mitambo ya kurekebisha vali. Injini iliyosanifiwa kwa 20, ikitiwa 50, hulemewa na oili yake yenyewe: hunywa petroli zaidi, na oili huchelewa kufika juu kila asubuhi gari linapowashwa.

Hapa ndipo mazoea ya gereji yanapoachwa nyuma na wakati. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita umri wa miaka minane. Kwa hiyo magari yanayowasili sasa kutoka Japani yametengenezwa katika kipindi ambacho 0W-20 imekwisha kuwa jambo la kawaida, na oili ya kiwango hicho takribani yote ni sanisi. Mwenye gari la aina hii hana uteuzi wa kufanya. Mtengenezaji amekwisha kumteulia. Kitabu cha gari huja kimeandikwa Kijapani, lakini mara nyingi kifuniko cha kutilia oili kimechorwa tarakimu hizohizo kwa maandishi yetu. Ni matini fupi kabisa, na ni ajabu jinsi isivyosomwa.

Kwa gari kuukuu la miaka ya 1990, ambalo kitabu chake kinakubali 15W-40 au 20W-50, oili ya kawaida inatosha. Sanisi haitalidhuru, huenda tu ikasafisha uchafu uliokuwa umeziba tundu, uvujaji wa zamani ukajitokeza. Oili zenye idhini ya API zinapaswa pia kuchanganyika bila kudhuriana. Na oili kuwa nyeusi si dalili ya kuharibika: imebeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kuhusu gharama, tuseme lita 4 za sanisi ni bei maradufu ya zile za kawaida. Iwapo kitabu kinaruhusu kubadilisha sanisi kila kilomita 10,000 na ya kawaida kila kilomita 5,000, gharama ya oili ni ileile, na mwenye gari anaokoa filta moja na ujira wa sevisi moja. Lakini kadi ambayo fundi huitundika kwenye injini huandikwa 5,000 pasipo kujali kilichotiwa. Mteja akiitii, amelipia maradufu. Asipoitii, kuna jambo jingine la kuzingatia: vitabu vingi hupunguza kilomita hizo kwa gari linalofanya safari fupifupi, linalopita vumbini, au linalosimama injini ikinguruma likisubiri abiria. Maelezo hayo ni picha kamili ya teksi ya Manyatta. Dereva wa teksi ambayo kitabu chake kinakubali aina zote mbili atafaidika zaidi kwa oili ya kawaida iliyo halisi, inayobadilishwa bila kuchelewa, kuliko kwa sanisi inayoachwa ndani hadi iwe tope.

Oili ikishatolewa, sanisi na ya kawaida huwa sawa kwa sumu. Nyingine hununuliwa na wanaopaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Nyingine humwagwa mtaroni, ikafuata maji ya mvua hadi mto Auji, na kutoka Auji ikaingia ziwani.