Saa ya Hesi kwenye Mashine Kongwe ya Kukereza

Hesi ya bolti, ambayo mafundi wengi huiita nyuzi au thredi, haikatwi kwa pito moja. Kisu cha mashine ya kukereza hupita juu ya chuma mara kadhaa, kila mara kikizama kidogo zaidi, na kila pito sharti liangukie ndani ya mfereji wa pito lililotangulia. Kikiingia pembeni, mfereji wa pili hula kuta za ule wa kwanza na shafti huishia kwenye chuma chakavu. Kifaa cha kuzuia hasara hiyo, ambacho hapa kitaitwa saa ya hesi, ndicho kinachokosekana kwenye mashine nyingi kongwe.

Si mara zote kimepotea. Mara nyingine hakikununuliwa tangu mwanzo. Myford ML7 ya Uingereza, kwa mfano, iliingia sokoni mwaka 1946 na saa hiyo ikauzwa kando kama nyongeza. Mashine ya namna hiyo ikishapita mikononi mwa wamiliki kadhaa kabla ya kufika Gerezani au Temeke, jijini Dar es Salaam, hakuna anayejua hata mahali kifaa kilipotakiwa kufungwa.

Dar es Salaam imerithi koo mbili za mashine. Upande mmoja ni za inchi, urithi wa Waingereza na wa reli ya Afrika Mashariki. Upande wa pili ni za milimita, zikiwemo za Kichina zilizokuja enzi za TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Saa ya ukoo mmoja haifai kwa mwingine. Wala inchi haijafa. Bomba la maji la nusu inchi lina hesi 14 kwa kila inchi, la robo tatu vilevile 14, na kuanzia inchi moja kwenda juu ni 11. Umbo la hesi hizo, lenye pembe ya digrii 55, ni lile alilolipendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Kwa hiyo fundi wa Mbagala au Tandale anayekereza kiungo cha bomba leo bado anamfuata Whitworth, ajue asijue.

Mbele ya mashine hulala parafujo ndefu inayozunguka kwa uwiano maalumu na kazi iliyofungwa. Kibebeo cha kisu huishika kwa nati iliyopasuliwa vipande viwili: wenzo ukishushwa, vipande hufumbata parafujo na kisu huanza kutembea, ukiinuliwa, huachia. Parafujo ya ML7 ina hesi 8 kwa inchi, hivyo nati ina nafasi 8 za kufumba katika kila inchi. Tatizo ni kwamba si kila nafasi inaafikiana na hesi inayokatwa.

Ngoma mbili zinaeleza jambo hili vizuri kuliko hesabu. Msondo upigwe mara 8 na chapuo mara 14 katika muda uleule, na mwimbaji aruhusiwe kuingia pale tu ngoma zote mbili zinapolia pamoja. Msondo ni parafujo, chapuo ni hesi ya bomba la nusu inchi, mwimbaji ni nati. Zikianza pamoja, zitakutana tena katikati ya mzunguko, msondo ukiwa umepigwa mara 4 na chapuo mara 7. Mwimbaji ana milango miwili kwa kila inchi. Chapuo ikipigwa mara 16, kila pigo la msondo lina mwenzake, na mwimbaji anaingia apendapo. Ikipigwa mara 11, mlango ni mmoja tu kwa inchi nzima. Na Wamarekani, ambao bomba lao la inchi moja lina hesi 11 na nusu, wamezifanya ngoma zisubiriane hadi inchi 2 zitimie.

Saa ya hesi ndiyo inayohesabu mapigo. Ni gia ndogo iliyouma kwenye parafujo ndefu, na juu ya mhimili wake kuna kisahani chenye mistari. Uzuri wake uko hapa: nati ikiwa wazi na parafujo inazunguka, gia husukumwa na kisahani hugeuka, fundi akirudisha kibebeo kwa mkono, gia hubiringika juu ya hesi za parafujo kama juu ya reli yenye meno. Miendo yote miwili hujumlishwa ndani ya gia ileile, bila kupotea hata jino. Nati ikifumba, kibebeo na parafujo huenda sawia na kisahani husimama tuli. Ni saa inayotembea wakati kisu kimepumzika na kusimama wakati kisu kinakata.

Gia ya meno 32 kwenye parafujo ya hesi 8 humaliza mzunguko mmoja kwa kila inchi 4. Kisahani hugawanywa kwa mistari 8, mmoja kwa kila nusu inchi, na mstari mmoja baada ya mwingine huandikwa namba, 1 hadi 4. Hesi za idadi shufwa, kama 14, hufumbwa kwenye mstari wowote. Za witiri, kama 11, kwenye mistari yenye namba tu. Zenye nusu, kwenye 1 na 3 tu.

Kuitengeneza hakuhitaji kuagiza kitu nje. Gia hii haibebi mzigo, hivyo shaba ya njano, ile ya koki za maji, inatosha, hata nailoni ngumu. Kipenyo kwenye usawa wa kati wa meno ni milimita 32.3. Meno hukatwa yakiwa yameinama kidogo kufuata mlalo wa hesi ya parafujo, kama digrii 2 na nusu kwa parafujo ya unene wa inchi moja. Pasipo mashine ya kukatia gia, alama 32 huchongwa kwanza kwa vipimo sawa kwenye ukingo wa duara la shaba litakalokuwa gia, kisha duara hilo, likizunguka huru, husogezwa kwenye tepu (kifaa cha kukatia hesi za ndani) yenye pichi ileile ya parafujo, inayozunguka mashineni. Tepu hukata na kulizungusha kwa wakati mmoja. Bila alama hizo meno yanaweza kutoka 33.

Kibebeo cha saa hufungwa ubavuni mwa kibebeo cha kisu, kikiwa na bolti moja ya kukigeuza ili gia iachane na parafujo isipohitajika. Mistari hupangwa mwisho: nati ifumbwe kwanza, ndipo kisahani kigeuzwe hadi namba ikutane na alama, kisha kikazwe.

Kwa hesi za milimita kwenye parafujo ya inchi, saa hii haisaidii. Huko, kwa usahihi kamili, hutakiwa gia ya meno 127, na nati huachwa imefumba huku mota ikirudishwa nyuma. Njia hiyo ya kuacha nati imefumba inaweza kutumika kwa hesi zozote, lakini hula muda katika kila pito. Kwa karakana ya mashine ya inchi inayoishi kwa kazi za mabomba, saa ya hesi itengenezwe kabla ya kununua kifaa kingine chochote.