Kobe Ugenini: Mtoto wa Jua Katika Nchi za Baridi

Katika nchi zetu kobe hana haja ya kujengewa nyumba. Huzaliwa na nyumba yake mgongoni, na jua limpashalo joto huchomoza kila siku bila kulipiwa. Asubuhi hujitokeza majanini akaota jua mpaka viungo vyake vipate nguvu, ndipo akaanza kula. Mchana jua linapokuwa kali hujisetiri chini ya kichaka au shimoni, na jioni hulala palipomchwea. Kwa hiyo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kusikia kwamba ziko nchi ambako watu hutumia fedha nyingi kumjengea kobe chumba, wakamtilia taa na kipimajoto, na kumlipia umeme usiku na mchana.

Hata hivyo, jambo hili si mzaha. Baadhi ya kobe wanaofugwa sana Ulaya na Marekani asili yao ni bara letu la Afrika, na uhai wao huko hutegemea jambo moja kubwa, nalo ni kwamba aliyewachukua wakiwa wadogo ametambua tangu mwanzo kuwa kobe hukua, na kwamba nyumba yake haina budi kukua pamoja naye. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini hali ni hiyo.

JOTO LA KUAZIMA

Sisi wanadamu tukila, chakula hugeuka joto ndani ya miili yetu. Kobe hakujaliwa hivyo. Yeye, kama nyoka, mjusi na mamba, joto lake huliazima nje. Akilikosa, tumbo lake haliwezi kusaga chakula, damu huenda kwa uzito, na nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi hupungua. Chakula alichokwisha kula huweza hata kumwozea tumboni.

Lakini lazima ikumbukwe kwamba kobe aliyepatwa na baridi hafi siku ile ile kama kifaranga aliyenyeshewa. Hufa polepole, kwa majuma na pengine kwa miezi. Hujikunyata, huacha kula, kamasi zikamtoka puani, na mwenyeji wake akadhani kuwa amelala tu. Siku anapoitwa daktari wa mifugo, mapafu yamekwisha kuharibika. Upole wa mnyama huyu, ambao ndio unaowavutia watu kumfuga, ndio unaomficha anapoumwa.

KOBE WA KASISI

Waingereza wana habari mashuhuri ya kobe mmoja aliyeitwa Timothy. Mwaka 1780 kasisi Gilbert White, mtaalamu wa mambo ya viumbe, alimrithi kobe huyo kutoka kwa shangazi yake, akamleta bustanini mwake katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Kasisi huyo aliandika kwa uangalifu mwenendo wa mgeni wake: jinsi alivyoogopa mvua, jinsi alivyotafuta ukuta uliopigwa na jua, na jinsi alivyojifukia udongoni mwezi Novemba asionekane tena mpaka Aprili. Kasisi White alifariki mwaka 1793, naye kobe akamfuata mwaka 1794. Gamba lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko London, na wataalamu walipolichunguza waligundua kwamba Timothy, pamoja na jina lake la kiume, alikuwa jike.

Timothy aliweza kuishi bustanini kwa sababu alikuwa wa jamii ya kobe wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Huko kwao pia kuna majira ya baridi, na kobe wa jamii hiyo wamezoea kulala usingizi mzito mpaka baridi ipite. Mfano wake, hata hivyo, uliwadanganya wengi. Katika karne ya 20 kobe kwa mamia ya maelfu walichukuliwa kutoka Moroko, Ugiriki, Uturuki na kwingineko, wakajazwa makashani na kuuzwa Uingereza kwa bei ndogo ili wawe vitu vya kuchezea watoto. Wengi wao hawakuupita msimu wa kwanza wa baridi. Mwaka 1984 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku biashara ya kuwaingiza kobe hao kutoka porini.

Wafugaji wa leo wamejifunza kwamba hata usingizi una kipimo chake. Kobe wa Bahari ya Kati hulala salama penye joto la nyuzi 5 hivi za sentigredi. Likizidi nyuzi 10 huanza kuamka, akateketeza mafuta ya mwili wake bila kula. Likishuka chini ya sifuri, barafu huweza kumharibu macho akabaki kipofu. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huko humlaza kobe wao ndani ya jokofu la nyumbani, na kila baada ya muda huufungua mlango ili hewa safi iingie. Kwetu jambo hili laweza kuchekesha, lakini kobe wengi wameokoka kwa njia hiyo.

MGENI ASIYELALA

Taabu kubwa zaidi iko kwa kobe wa Saheli, yule wa ukanda mkavu unaoanzia Senegal mpaka Sudan na Ethiopia. Huyu hajui usingizi wa baridi. Kwao hakuna theluji, hivyo mwaka mzima huhitaji kuota jua na kula. Anapoanguliwa huwa na uzito wa gramu chache tu, akaenea kiganjani kama ndimu. Mnunuzi akimtazama dukani hupendezwa, akamnunulia sanduku la kioo na taa moja, akadhani kazi imekwisha.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hangoji kupewa. Jembe lake ni miguu ya mbele. Kobe wa Saheli ndiye mkubwa kuliko kobe wote wa nchi kavu wanaoishi barani, ukiwaacha wale majitu wa visiwani. Dume hufikia urefu wa sentimita 80 na uzito wa kilo 50, na wako waliozidi sana hapo. Kwao huchimba mashimo ya mita kadhaa ili kuepuka ukali wa jua. Kwa mfugaji huchimba bustani, huegemea ua mpaka ukaanguka, na husukuma mlango wa mbao kama fahali mdogo. Katika miaka kumi, yule aliyekuwa kiganjani huenda asiinuliwe tena na mtu mmoja.

NYUMBA YA UDOGONI NA YA UKUBWANI

Je, anayetaka kumlea vema katika nchi ya baridi afanye nini? Kwanza, atofautishe nyumba ya mtoto na ya mkubwa. Kitoto huwekwa katika sanduku pana lenye udongo wa kujifukia. Upande mmoja huning'inizwa taa inayotoa joto la nyuzi 35 hivi, na upande wa pili huachwa na ubaridi kidogo, ili kobe achague mwenyewe. Usiku joto lisiachwe kushuka sana.

Pili, apewe unyevu. Kwa miaka mingi wafugaji waliamini kuwa kobe wa jangwani hutaka ukavu mtupu, na walipoona magamba ya vitoto vyao yakiota vinundu kama vichuguu walilaumu chakula. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, nchini Austria, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya kobe wadogo wa Saheli: waliolelewa katika hewa kavu waliota vinundu vikubwa kuliko waliolelewa katika hewa yenye unyevu, na wingi wa protini katika chakula haukuwa na athari kubwa. Ukilitafakari jambo hili utaona halina ajabu. Huko jangwani kitoto hakishindi juani, bali hujificha shimoni, na ndani ya shimo mna unyevu. Taa na joto la nyumba za Ulaya hukausha hewa.

Tatu, mwanga. Jua lina miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, na sehemu ya miale hiyo humwezesha kobe kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo chokaa ya chakula haigeuki mfupa wala gamba. Kioo cha dirisha huizuia sehemu hiyo. Kwa hiyo kobe aliyewekwa nyuma ya dirisha lenye jua tele huweza kupata joto na bado akalainika gamba kwa kukosa miale. Ziko taa maalumu zinazoitoa, lakini nguvu yake hupungua kabla taa yenyewe haijazimika. Hivyo hubadilishwa kwa kufuata kalenda, kwani jicho la mtu haliwezi kuona upungufu huo.

Kobe akikua, sanduku halimtoshi tena. Hapo hujengewa banda lenye kuta mbili zilizotiwa kizuia baridi katikati, na ndani yake chumba kidogo cha kulalia chenye dari ya chini ili joto lisipotee juu. Mlango wake huning'inizwa mapazia mazito ya plastiki, ambayo kobe huyasukuma na kupita, nayo yakajifunga nyuma yake. Hita huzungushiwa kizuizi asiisukume, na hutiwa kidhibiti cha kuiwasha na kuizima kadiri ya joto. Taa ndogo iliyomfaa kitoto haimfai tena. Ikiwa karibu mno huunguza kilele cha gamba huku miguu na tumbo vikibaki baridi. Siku za kiangazi, joto likitosha, hutolewa nje ale majani, maana hakuna taa iliyolishinda jua lenyewe.

Juu ya yote, mfugaji hana budi kuwa tayari kwa usiku ambao umeme utakatika na theluji inaanguka. Hapo ndipo hutambua kwamba uhai wa mnyama wake wote umening'inia kwenye waya mmoja.

MZIGO USIO NA PA KUTULIWA

Wengi hushindwa. Katika Marekani vituo vya kupokea wanyama walioachwa vimeelemewa na kobe wa Saheli ambao wenyewe hawana tena nafasi wala uwezo wa kuwapasha joto. Kumwachia porini huko ni kumwua, kwani baridi kali ya kwanza humaliza kazi. Kumrudisha Afrika nako si rahisi, maana huenda akawaletea ndugu zake wa mwituni maradhi aliyoyapata ugenini.

Mataifa yamejaribu kuweka mipaka. Mwezi Aprili 2000, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Gigiri, Nairobi, ilikatwa kwamba asiuzwe nje kibiashara hata kobe mmoja wa Saheli aliyekamatwa porini. Mwaka huo huo Marekani ilizuia kobe wa Saheli na yule wetu mwenye madoa kama ya chui wasiingizwe nchini humo, kwa kuhofia kupe wabebao ugonjwa unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Na mwaka 2019 kobe wetu mwenye gamba bapa, ajibanaye katika nyufa za mawe huko Kenya, Tanzania na Zambia, aliwekwa katika daraja la juu la ulinzi wa mkataba huo, baada ya kupunguzwa sana na wawindaji wa biashara hii.

Hatusemi kwamba kila afugaye kobe katika nchi za baridi ni mkatili. Wako wanaowatunza kwa bidii inayostahili sifa, na kobe wengi wanaouzwa huko leo wameanguliwa huko huko. Lakini wasomaji wetu wengi wana ndugu na watoto wanaoishi ng'ambo. Iwapo mmoja wao atapendezwa na kitoto cha kobe dukani, na aulizwe maswali matatu. Je, anacho chumba cha mnyama wa kilo 50? Je, ataweza kulipia joto lake kila msimu wa baridi? Na kwa kuwa kobe huishi miaka mingi kuliko mbwa na paka, pengine akamzidi hata mwenyeji wake, je, ni nani atakayemrithi, kama kasisi wa Selborne alivyomrithi Timothy?

Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo ni afadhali amwache kitoto pale dukani. Nasi tuliobaki huku, tukikutana na kobe akikatiza njia asubuhi, tumpishe avuke aende akaote jua lake.