Kanumba: Tumkumbuke kwa Kazi Yake

Litaje jina la Steven Kanumba katika kituo chochote cha daladala, iwe Tandika au Mwananyamala, na haitapita dakika tano kabla mazungumzo hayajafika kwenye kifo chake. Watu watakumbuka usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza. Watakumbuka umati uliofurika viwanja vya Leaders siku tatu baadaye, kabla ya kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Watakumbuka pia kesi iliyokwisha Mahakama Kuu Novemba 2017, kwa hukumu ya kuua bila kukusudia.

Hayo yote yalitokea. Lakini mtu aliyeishi miaka 28, na kuitumikia sanaa kwa takriban miaka 10, anastahili kukumbukwa kwanza kwa kazi yake.

Kanumba alizaliwa Shinyanga Januari 8, 1984. Hapa jijini alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa na michezo yake katika televisheni ya ITV. Huko ndiko alikopikwa akaiva. Mwigizaji wa michezo ya namna hiyo hana pa kujificha: akikosea usiku, asubuhi anaambiwa sokoni.

Miaka hiyo kanda za Nigeria zilikuwa zimejaa katika vibanda vya video na maduka ya kukodisha. Wapo waliolalamika kwamba wageni wametunyang'anya watazamaji. Kanumba aliwafuata wageni hao akafanya nao kazi. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Dar 2 Lagos, akiigiza pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria. Miaka mitano baadaye, katika Devil Kingdom, alikuwa na Ramsey Nouah, ambaye sura yake ilikuwa ikifahamika Afrika nzima. Katikati ya hizo kulikuwa na Oprah, Uncle JJ na nyingine nyingi. Hakuigiza tu. Alitunga, aliongoza na alitengeneza filamu zake mwenyewe.

Sasa tuulize: kazi hizo zinamlisha nani? Desturi ya biashara ya filamu zetu wakati ule ilikuwa mtengenezaji kumuuzia msambazaji filamu kwa mkupuo. Fedha ikishapokelewa, imekwisha. Hata kama nakala zitauzwa hadi Bukoba na Mtwara, aliyeigiza haoni kitu zaidi. Na baada ya msambazaji, walikuja wezi wa kunakili, ambao hawakumlipa yeyote.

Wenzetu wa Marekani nao walipita njia hiyo. Mwaka 1960 waigizaji wa huko waligoma. Chama chao kilikuwa kikiongozwa na Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais wa nchi. Mgomo huo uliwapatia malipo pale filamu zao zinapoonyeshwa katika televisheni. Ndiyo maana mwigizaji wa kule anaweza kuzeeka huku kazi ya ujana ikiendelea kumpa riziki.

Nasi sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa maandishi ya Kanumba, hesabu hiyo inafika mwaka 2062. Lakini haki ya mapato iliyokwisha kuuzwa huenda na mnunuzi, wala machozi ya mazishini hayairudishi.

Kijana wa Temeke au Kinondoni anayetaka kuwa Kanumba ajifunze mambo mawili: kuigiza vizuri, na kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Aulize anauza nini, kwa miaka mingapi, na watoto wake watabakiwa na nini. Nasi watazamaji tuulize kama nakala tunayoinunua ni halali. Msanii hushukuriwa kwa shilingi inayomfikia akiwa hai, na inayowafikia wanawe akiwa ameondoka.